Inchi Mbili za Mjomba

3 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku ni wazima, ila binti yangu ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa kila akisema "sasa" anapiga mluzi. Ameniagiza nikuambie kwamba ile meza ndogo uliyomtengenezea bado haitikisiki. Baba yake yuko safarini na lori, tunamtarajia mwisho wa mwezi. Mimi nipo wodini kama kawaida, miguu imevimba, mdomo mzima.

Sasa niruhusu nikuchoshe kidogo. Juzi nilipokuwa nagawa dawa nilihesabu wagonjwa. Wodi yetu ya mifupa ina vitanda kumi na viwili upande wa wazee, na wazee tisa kati yao waliangukia nyumbani kwao. Hakuna aliyegongwa na gari wala aliyepanda juu ya paa. Mmoja ni fundi saa mstaafu, mtu mtaratibu kweli, alijikwaa kwenye waya wa redio. Nikakumbuka redio yako na waya wake unaokatiza njia ya kwenda jikoni, ambao wote huwa tunauruka.

Mjomba, miaka kumi sasa nakutana na watu wakiwa wameshaanguka. Safari hii nataka nimuwahi mmoja kabla. Naomba uikague nyumba yako kama unavyokagua kazi ya fundi mwenzako, bila huruma. Ile balbu ya ukumbini iliyoungua. Zulia dogo la chumbani ambalo pembe yake imejikunja. Ndala zako zilizolika hadi zinateleza kama sabuni. Na hasa bafuni, weka kishikio ukutani. Wewe ni seremala, hii kwako ni kazi ya nusu siku.

Mwanao,
Msumari

Halafu, mbona katika barua yako ya mwisho herufi zilikuwa zimelala upande wa kushoto? Au ni kalamu mpya?


1 Machi

Msumari wangu,

Marahaba, mama. Nimefurahi mno kusikia habari za mluzi. Mwambie asiwe na haraka ya kuota meno mengine, haya ya sasa tutayakumbuka. Wewe mwenyewe ulipokuwa na mapengo ndipo ulipokuwa unanishikia misumari karakana, ukiibana kwa midomo kama fundi mkuu, mama yako akipiga kelele kwamba utaimeza. Jina likakuganda, na kwangu halitabanduka.

Huku mambo ni shwari. Jirani yangu Mwalimu, tangu astaafu hana pa kusahihisha, kwa hiyo anatembea na chaki akirekebisha mabango ya maduka. Ndiye anayenipelekea barua posta. Simu uliyonipa ipo salama kwenye droo ya gundi. Usinilaumu, sikio hili moja linaligeuza kila neno kuwa jingine, na barua hainifokei.

Nyumba nimeikagua. Kwa kuwa mkaguzi na mkaguliwa ni mtu mmoja, ripoti ni nzuri. Balbu imebadilishwa, Mwalimu alipanda. Redio nimeisogeza hadi kwenye soketi, waya haukatizi tena, ila sasa nasikiliza habari nikiwa nimeupa mgongo mlango, na Mwalimu akiingia ananishtua. Zulia nimelikunja na kulitia uvunguni. Ndala siziachi, tumetoka mbali.

Kuhusu kishikio, hapana. Sina ubao wa kufaa. Na ile futi yangu ya kukunja nayo imepotea. Unaikumbuka, ile iliyokatika inchi mbili za mwanzo kabla hujazaliwa, ambayo kila kipimo lazima niongeze mbili kichwani, nawe ulikuwa ukinisihi niitupe. Basi Mungu amekusikia. Bila futi hakuna kazi. Tusiongee tena mambo ya vishikio na ngazi. Nipe habari za watu.

Mjomba wako


14 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Habari za watu ni hizi: baba mtoto amerudi, amelala siku mbili mfululizo, ameamka ameuliza chakula. Mjukuu wako anajifunza kuogelea kwenye karai. Mimi nimepewa wanafunzi wa uuguzi sita niwafundishe jinsi ya kumwinua mgonjwa.

Na habari za mtu mmoja zaidi. Kuna seremala namfahamu, ana banda limejaa mbao kutoka sakafuni hadi darini, na ananiandikia kwamba hana ubao. Seremala huyohuyo alikuwa hamruhusu mtu mwingine ashike hata bisibisi nyumbani kwake, leo anasema Mwalimu alipanda kuweka balbu. Mwalimu ana miaka sabini na minne, Mjomba. Kwa nini hukupanda wewe?

Barua yako ya Machi herufi zimesimama wima, kama zamani. Za Desemba na Januari zilikuwa zimelala. Nimezipanga zote mezani, ninaziangalia. Ninasoma fomu za wagonjwa waliovunjika mikono kila siku ya Mungu, ninaujua mwandiko wa mtu anayeandika kwa mkono asiouzoea.

Sikuulizi mara tatu. Ulianguka?

Kama huna la kusema, fanya hivi tu. Vaa viatu, simama wima karibu na ukuta wa bafuni, mikono uiachie ining'inie. Mwambie Mwalimu aweke alama kwa chaki yake pale kifundo cha mkono kilipo. Hapo ndipo kishikio kinapokaa. Nitamtafuta fundi wa mjini aje akifunge, nawe utakaa kitini umkosoe. Ukikataa na hili, nakuja na begi tupu nikuchukue, utaishi nasi, utasikiliza mluzi kutwa.

Sikutishii. Naogopa tu.

Msumari


29 Aprili

Msumari wangu,

Nimekaa na barua yako wiki sita. Kila Ijumaa Mwalimu alipita kuuliza kama kuna cha kupeleka posta, na kila Ijumaa nilimpiga chenga. Afya yangu si mbaya. Mvua zimeanza na paa halivuji. Mbusu mtoto.

Nilianguka, ndiyo. Ilikuwa asubuhi moja ya Desemba. Nilikuwa naoga, sabuni ikaniponyoka, nikainama kuiokota, kufumba na kufumbua nipo chini. Nilijikinga kwa mkono wa kulia, kifundo kikavunjika. Hospitali walinifunga plasta wiki sita, nikakuandikia kwa kushoto. Lakini maumivu hayakunitisha sana. Kilichonitisha ni ile saa nzima niliyokaa pale sakafuni nikitafuta kitu cha kushika ninyanyuke, na sikukiona. Mwishowe nilitambaa hadi mlangoni nikajivuta kwa kitasa.

Sikukuambia kwa sababu nilijua utakuja na hilo begi. Nyumba hii niliijenga kwa mikono yangu, kila mlango unafunguka kwa sauti yake na mimi nazijua zote. Nataka kuishi humu hadi mwisho. Nikitolewa humu, Msumari, nitakuwa mgeni hadi siku ya kufa.

Sasa utauliza, kama nayataka hayo yote, kwa nini sifungi kishikio. Mbao ninazo tele. Futi haijapotea, iko mfukoni ninapoandika.

Unaijua ngazi ya nyuma ya nyumba ya mama yako, hiyo mnayoishuka kila siku kwenda bafu la uani. Niliitengeneza mimi kwa siku moja, vipandio vinne. Dada yangu alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa akinisimulia habari za bwana harusi mmoja aliyekosea nyumba, akapokewa kwa vigelegele, akala na kushiba katika harusi ya mwenzake, huku bibi harusi wake anamsubiri mtaa wa pili. Unajua alivyokuwa akisimulia. Nilicheka hadi nikashika mbavu, na katikati ya kicheko nikapima kimo cha kipandio cha tatu bila kuongeza mbili.

Nilishtuka nikiwa kwenye basi la kurudi. Nikasema nitarudi wiki ijayo nirekebishe. Wiki ijayo ikawa mwezi ujao, mwezi ukawa mwaka. Miaka miwili baadaye nikaletewa habari kwamba dada yangu ameanguka ngazini, nyonga imevunjika. Alilala miezi mitatu na hakuamka tena. Watu walinipa pole kaburini, na mimi nilikuwa nimesimama na hii futi mfukoni.

Ni miaka kumi na minne. Nimetengeneza meza na makabati hesabu sina. Ngazi sijatengeneza, wala kishikio, wala kitu chochote ambacho mtu atakikabidhi mwili wake. Sijiamini. Na huyo fundi wako wa mjini simtaki, kwa sababu nitakaa hapo nikimtazama anapima na nitaona kila kitu upya.

Pima kipandio cha tatu, mama. Niandikie ni inchi ngapi. Nataka mtu mwingine naye ajue.

Mjomba wako


30 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo. Wote wazima. Jino moja limechungulia.

Nisamehe kwa ukimya wa miezi miwili. Barua hii nimeianza mara saba na kuichana mara sita. Naandikia jikoni, mlango wa nyuma uko wazi, ngazi ninaiona.

Nilipima siku ileile niliyopata barua yako. Ni kweli, kipandio cha tatu kimepungua inchi mbili kamili.

Lakini Mama hakuanguka ngazini.

Nimeliandika hilo, sasa lazima niendelee. Asubuhi ile nilikuwa nafua bafuni. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na akili yangu ilikuwa kwenye kwenda matembezini. Nilimaliza, nikabeba nguo kwenda kuzianika, nikaacha maji ya povu sakafuni. Nilijiambia nitayafagia nikimaliza kuanika. Mama akaingia kuoga. Nilisikia kishindo nikiwa na kibanio mdomoni.

Nilimkuta chini, hana nguo, mguu umegeuka. Aliniambia, "Watu wasinikute hivi." Nikamfunika shuka nikamvuta, Mjomba, nikamvuta kwa makwapa hadi chini ya ngazi, kisha ndipo nikapiga kelele. Majirani walipofika wakaiona ngazi, mmoja akasema, "Ni ngazi hii." Mimi nilinyamaza. Mama akanitazama, akasema, "Ndiyo, ni ngazi." Alisema hivyo kwa kila mtu, hadi kwa daktari. Alikuwa ananificha mimi. Sidhani kama aliwahi kufikiri kwamba anakutupia wewe lawama.

Leo nawaambia wale wanafunzi wangu sita: aliyeanguka asivutwe, mwacheni alipo, mfunikeni, iteni msaada. Huwa nasema kwa ukali hadi wananiogopa. Hawajui nawaambia nini.

Wewe ulidhani ni inchi zako, mimi nilijua ni maji yangu. Kila ulipokuja kututembelea nilikuona unazunguka kwa mlango wa mbele kwenda uani, hata mvua ikinyesha. Nilidhani ni huzuni. Ningekuwa na moyo ningeuliza. Badala yake nimekuandikia habari za balbu na ndala.

Jambo jingine. Mama alikijua kipandio kile tangu siku ya pili. Kila akishuka alikuwa anasema, "Hapa kaka yangu alikuwa anacheka." Fundi mmoja alijitolea kukirekebisha, akamfukuza. Mguu wake ulikizoea, na wangu, na wa mtoto.

Ukiamua kutoniandikia tena nitakuelewa. Ila funga kishikio.

Msumari


19 Julai

Msumari wangu,

Marahaba. Nimepata barua.

Sitakudanganya. Siku ya kwanza nilikasirika nikashindwa kula. Si kwa sababu ya maji, yeyote anaweza kuacha maji. Nilikasirika kwamba ulikuwa nayo maneno matatu ambayo yangenipa usingizi miaka kumi na minne, na ulikuwa umeyameza. Siku ya pili nilichukua ubao usio na kosa lolote nikaupiga randa hadi ukawa mwembamba kama kadi. Siku ya tatu Mwalimu akaja, akatazama maranda yaliyonifika magotini, akaniuliza natengeneza nini. Nikamwambia sijui. Akasema basi angalau nikae. Nikakaa, nikalia mbele yake, naye akajifanya anasoma gazeti la mwezi uliopita.

Kisha nikafikiri. Ulikuwa na miaka kumi na tisa, na mama yako alikuchagulia kimya kabla hujafungua mdomo. Nani angempinga dada yangu? Mimi sikuwahi, na nilikuwa kaka mkubwa. Na mimi nami, mtu mzima na ndevu zangu, nilificha inchi zangu vilevile. Tumekaa sherehe ngapi meza moja, unanipakulia, nakutania, kila mmoja ameficha jiwe lake chini ya meza.

"Hapa kaka yangu alikuwa anacheka." Sentensi hiyo nimeisoma hadi karatasi imelainika. Nilikuwa nacheka kweli.

Sina ninachokudai, mama. Kama kuna cha kusamehe, kimesamehewa, na wewe unisamehe kwa kutouliza. Kuhusu kumvuta, ulimsitiri kama alivyotaka. Usijipige tena kwa hilo.

Sasa sikiliza. Kishikio kirefu hakifungwi na mtu mmoja. Mmoja hushika, mwingine huweka alama. Mwalimu ni mtu mzuri lakini akishika ubao anauliza maswali. Njoo wewe, ushike upande wa pili.

Mjomba wako


2 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Nimepata likizo ya siku sita kuanzia tarehe 21. Nakuja na mtoto, futi kamba mpya, na ndala mpya za soli ya mpira. Begi langu limejaa, sina nafasi ya kubeba mzee.

Msumari


9 Septemba

Msumari wangu,

Marahaba, na hongera kwa kufika salama. Nyumba imepoa. Mluzi nausikia hadi leo, nahisi umeingia kwenye ukuta. Mwalimu anamuulizia mwanafunzi wake kila asubuhi. Amegundua kwamba ule mstari wa chaki mtoto aliouchora kutoka kitandani hadi bafuni hauna hata kosa moja, na anausifia kwa wapita njia. Nimeuacha. Unanisaidia, maana macho yangu asubuhi huwa bado hayajaamka.

Nadhani kile kipande cha ubao nilichokupa umeshakipigilia kwenye kipandio cha tatu. Unene wake ni inchi mbili. Ulikipima mwenyewe mara mbili ukidhani sikuoni. Mama yako angetugombeza sote, lakini mtoto hakunisikia nikicheka siku ile, hana sababu ya kujifunza kuruka kosa langu.

Ndala mpya nimezivaa. Zinabana na zinaniita mzee kila hatua. Za zamani umezitupa wapi, nimetafuta hadi nyuma ya banda.

Sasa kuna jambo lazima nikuambie, na nimejiapiza kwamba kuanzia mwaka huu nasema mapema. Unakumbuka tulivyofunga kishikio. Ulitaka nisimame ukutani unipime kama mtoto wa shule, nikakataa, nikakuambia nakijua kifundo changu tangu ujana, inchi thelathini na nne nikiwa na viatu. Nikatoa futi yangu. Wewe umeshika upande wako, ukaniuliza huyo bwana harusi hatimaye ilikuwaje, nami nikaanza kukusimulia alivyofika kwa bibi harusi wake ameshiba, akalazimishwa kula tena. Ulicheka hadi ubao ukatikisika, na mimi nikacheka, nikaweka alama, tukatoboa, tukafunga. Ukakivuta kwa uzito wako wote, hakikutikisika. Ukaondoka umeridhika.

Jumamosi nilikuwa nafagia banda. Nikakaa kunyoosha mgongo, na pale kwenye stuli likanijia kama lilivyonijia ndani ya basi miaka ile. Sikuongeza mbili.

Nikasema, safari hii hakuna wiki ijayo. Nikachukua bisibisi nikaenda bafuni kuking'oa.

Nikasimama karibu na ukuta, na ndala zako miguuni, ili nione kimekosea kwa kiasi gani. Nikaachia mkono ukaning'inia kama ulivyoniagiza tangu Machi. Kifundo kikatua sawasawa juu ya kishikio.

Nikajisogeza, nikajaribu tena. Kimekaa palepale. Nikamwita Mwalimu anipime kwa futi kamba yako. Alinipima mara tatu, kwa sababu ni Mwalimu, akaniambia inchi thelathini na mbili. Mjomba wako amefupika, mama. Mgongo umeinama kidogo kidogo miaka yote hii na mimi nilikuwa nakwenda na kimo cha kijana.

Bisibisi nimeirudisha kwenye droo. Simu nimeitoa humo, Mwalimu ananifundisha kuiwasha.

Asubuhi hii nimeoga. Sabuni ikaniponyoka kama kawaida yake. Nikashika kishikio, nikainama, nikaiokota, nikanyanyuka.

Mjomba wako